Madaftari 215 kwa Siku: Jibu kwa Mwalimu wa Chamwino

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Hisabati shule ya msingi wilayani Chamwino, Darasa la Tatu lenye watoto 118 na Darasa la Nne lenye watoto 97. Nina vipindi 30 kwa wiki, nina zamu, na Darasa la Tatu ndilo ninalolisimamia. Madaftari nayabeba hadi nyumbani, nasahihisha kwa tochi ya simu, na bado siyamalizi. Kila Ijumaa tunatoa jaribio, kila mwezi kuna mtihani wa kata. Watoto wale wale wanakosa maswali yale yale. Huu ni mwaka wangu wa sita kazini na ile hamu niliyotoka nayo chuoni imekwisha. Nifanyeje nipime watoto bila kujimaliza, na moyo wangu urudi? Nimeanza kuwaza kuacha.

Marahaba, mwanangu, na mbukwenyi, kwa salamu ya Kigogo, nyote mlio hapo shuleni. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga hesabu, maana nawe ni mwalimu wa Hisabati, na nadhani hesabu hii hujawahi kukaa chini ukaipiga.

Tuseme kila daftari linakula dakika moja na nusu: kulifungua, kutafuta ukurasa, kupitia maswali kumi, kuweka vema na kosa, kuandika alama na kusaini. Madaftari 215 ni dakika 322, yaani saa tano na dakika ishirini na mbili. Ukitoka darasani saa nane kasorobo mchana ukaanza papo hapo bila kuinua kichwa, unamaliza saa moja na dakika saba usiku. Hapo hujala, hujachota maji, hujaandika andalio la somo la kesho. Na kesho yake madaftari ni yale yale 215.

Kwa hiyo kabla ya ushauri wowote naomba ulipokee hili: wewe si mvivu, wala hukukosea kuchagua kazi. Kazi uliyopewa haiingii ndani ya siku moja. Kiwango cha nchi yetu kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nawe una darasa la 118. Sababu zake zinajulikana. Michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016, na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaja shuleni, jambo la kheri ambalo sitaki mtu alijutie. Na mkoa wetu wenyewe umejaa: sensa ya 2012 ilikuta watu milioni 2.08 Dodoma, ya 2022 ikakuta milioni 3.09. Walimu na vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa mwendo huo. Ukijilaumu kwa pengo hilo unajibebesha deni la wengine.

Hapo ndipo ulipo mwisho wa yale usiyoyaweza. Yanayobaki unayaweza, na ni mengi kuliko unavyodhani.

Umeniandikia sentensi moja ambayo ningependa tukae nayo: "Watoto wale wale wanakosa maswali yale yale." Maana yake unasahihisha saa tano kwa siku, na mwisho wa wiki usahihishaji huo haujabadilisha chochote, si kwao wala kwako. Unachofanya usiku kwa tochi ni kusahihisha. Kupima ni kazi nyingine. Kusahihisha kunakwambia mtoto amekosa. Kupima kunakwambia amekosa kwa sababu gani, na kesho ufanye nini. Mwalimu anaweza kusahihisha madaftari elfu moja asipime hata mtoto mmoja. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi.

Mwaka wangu wa nne kazini, katika shule moja huku huku mkoani, nilikuwa na kijana wa Darasa la Nne ambaye kila nikimpa maswali ya kutoa anapata mawili au matatu katika kumi. Nilimwandikia "jitahidi" mwaka mzima. Siku moja mvua ilitunyeshea, tukabanana naye chini ya paa, na kwa kukosa la kufanya nikamwambia anifanyie hesabu moja kwa sauti. Ilikuwa kama hii: 403 toa 158. Akasema, bila kusita hata kidogo: "Nane toa tatu, tano. Tano toa sifuri, tano. Nne toa moja, tatu. Jibu mia tatu hamsini na tano."

Mtoto yule hakuwa mzembe hata chembe. Alikuwa na kanuni yake: toa ndogo kwenye kubwa, popote ilipo, juu au chini. Aliifuata kwa uaminifu mwaka mzima. Yale maswali mawili matatu aliyokuwa akiyapata ni yale ambayo kanuni yake ilikubaliana na yangu. Na mimi, mwalimu wake, kwa mwaka mzima sikuiona, kwa sababu nilikuwa natazama jibu nikaweka kosa, nikafungua daftari linalofuata. Sikulala vizuri usiku ule. Lakini asubuhi nilikwenda shuleni mapema kuliko siku zote za mwaka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa nakwenda kwa sababu nilitaka kwenda.

Jaribu swali hilo hilo kwa darasa lako. Jibu sahihi ni 245. Atakayekupa 355 ana ugonjwa wa kijana wangu. Atakayekupa 255 ana ugonjwa mwingine kabisa: anajua kukopa, amekopa kwenye nne ikabaki tatu, amepata 13 kwenye mamoja, lakini kwenye makumi amebakiza kumi nzima badala ya tisa. Ukiwawekea wote wawili kosa jekundu, umewaambia kitu kimoja, na hawahitaji kitu kimoja. Wa 355 bado hajui kukopa ni nini, anahitaji kurudi kwenye vitu vya kushika. Wa 255 anahitaji dakika tano tu. Na wa 245 hahitaji kukaa dakika arobaini akikusikiliza ukifundisha upya. Swali moja lililochaguliwa vizuri linakupangia darasa lote, wakati maswali kumi yaliyookotwa kitabuni yanakupa jedwali la alama tu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kupunguza maswali, na kuyachagua. Kaa na mada ya wiki ijayo ujiulize: mtoto anaweza kupotea wapi hapa? Tunga swali ambalo kila aliyepotea atatoa jibu la upotevu wake. Kazi hiyo ni ngumu kwa wiki mbili za mwanzo, baadaye inakuwa kama kuchambua mchele, jicho linajua lenyewe.

Sasa, kuyaona majibu 118 bila kubeba madaftari. Dodoma Mungu ametupa mchanga. Toa darasa nje, chini ya mbuyu au popote penye kivuli, wapange kwa safu, kila mtoto na sehemu yake ya ardhi iliyosawazishwa kwa kiganja. Sema swali. Wanaandika jibu kwa kidole, tarakimu kubwa kubwa, wanaweka mikono kichwani. Unapita kati ya safu. Ndani ya dakika tano au sita umesoma majibu yote, umejua 355 ni wangapi na wako wapi. Kila mtoto amejibu, hata yule wa nyuma ambaye kwa kawaida hunyoosha mkono watoto wengine tisa wakiwa wameshajibu. Kisha wanafuta kwa kiganja, swali linalofuata. Hakuna karatasi, hakuna chaki, hakuna cha kubeba nyumbani.

Mvua ikinyesha au jua likiwa kali mno, mkiwa ndani, tumia vidole. Andika ubaoni majibu matatu yenye namba: la kwanza 355, la pili 255, la tatu 245. Watoto wanafumba macho na kuonyesha kidole kimoja, viwili au vitatu, mkono ukiwa kifuani ili jirani asione. Njia hii ina kasoro ya kubahatisha, kama zilivyo karatasi za kusiliba, zile za kuchagua jibu: mtoto asiyejua chochote, kwenye majibu matatu, hupata moja katika matatu. Kwa hiyo vidole ni vya kuonja mchuzi katikati ya kipindi, uamue kuendelea au kurudi nyuma. Ukitaka kujua kwa hakika, rudi kwenye mchanga.

Kwa wale wa 355, tafuta mabua ya uwele au ya mtama, yakatwe vijiti, yafungwe kumi kumi, na mafungu kumi yafungwe kuwa mzigo mmoja wa mia. Wazazi wakiambiwa wanaleta bila shilingi. Wape 103 watoe 58. Wana mzigo mmoja na vijiti vitatu, basi. Hawana kumi hata moja. Hawawezi kutoa nane mpaka wafungue mzigo wapate mafungu kumi, kisha wafungue fungu moja wapate vijiti. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba mafungu yamebaki tisa. Ile tisa ambayo mwaka mzima umekuwa ukiiandika juu ya sifuri kwa chaki, na kwake ikawa kama uganga, sasa anaishika mkononi.

Madaftari je? Siwezi kukwambia uyaache. Mtoto anahitaji kuandika, mzazi anafungua daftari, mwalimu wa taaluma anapita. Lakini gawa darasa makundi matano kwa siku tano. Darasa la Tatu inakuwa watoto 24 hivi kwa siku, la Nne 20. Ni madaftari 44. Yape dakika mbili mbili badala ya moja na nusu, unapata dakika 88, chini ya saa moja na nusu, na unaifanya shuleni kabla hujaondoka. Watoto wengine siku hiyo wanabadilishana madaftari na jirani, majibu yakiwa ubaoni, nawe unapita ukitazama na kutia tarehe. Kila mtoto, mara moja kwa wiki, daftari lake linasomwa na mwalimu aliyetulia, anayetafuta kanuni iliyojificha nyuma ya kosa. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko kupitiwa mara tano na mtu anayesinzia.

Na uwe na daftari lako dogo, la kurasa 40 linatosha. Kila siku andika mistari mitatu: kosa gani limejitokeza, takriban watoto wangapi, majina ya wale wa kuwaita kesho. Mwisho wa mwezi utakuwa na kitu ambacho hakuna mtihani wa kata utakaokupa. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unasisitiza umahiri na upimaji endelevu. Walimu wengi wameyasikia maneno hayo kama mzigo mwingine juu ya mzigo. Daftari hilo dogo ndiyo upimaji endelevu wenyewe.

Utaniuliza: mwalimu mkuu atakubali? Mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija akakuta mazoezi hayana kalamu yangu nyekundu? Ninalijua jambo hili kutoka pande zote mbili za meza. Nilipokuwa mwalimu mkuu, nami nilikuwa nikihesabu mazoezi. Mwenye mazoezi mengi yaliyosahihishwa nilimsifu mbele ya kikao, mwenye machache nilimwita ofisini. Nilikosea, na kuna walimu niliowachosha bure. Kwa hiyo usifanye kwa kujificha. Nenda kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma ukiwa na ratiba yako ya makundi matano imeandikwa vizuri, na yale majibu matatu, 245, 255, 355. Waonyeshe. Omba ujaribu kwa mwezi mmoja. Nakala ya ratiba iweke mbele ya faili la maandalio ya somo, ili yeyote anayekuja akute utaratibu kabla hajakuta daftari. Wakuu wengi wa shule hawaogopi mabadiliko, wanaogopa kuulizwa na kukosa jibu. Mpe jibu mapema.

Jaribio la Ijumaa. Hapa nitasema waziwazi: jaribio la Ijumaa ambalo Jumatatu halibadilishi chochote, lifutwe. Mnatumia kipindi kizima kulitoa, saa nyingi kulisahihisha, karatasi ambazo mara nyingine wazazi ndio wanaozichangia, na Jumatatu mnaanza mada mpya kana kwamba halikufanyika. Kama shule imeamua lazima liwepo, basi liwe la maswali matano, na kipindi cha kwanza cha Jumatatu kiwe cha swali lililokosewa na wengi kuliko yote. Moja tu. Lifundisheni upya kwa njia tofauti na ile ya mwanzo.

Na ile orodha inayobandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa 118, naomba kwa moyo wangu wote uiondoe darasani kwako. Mtafiti Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 utafiti aliowafanyia wanafunzi nchini Israel. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, jingine maoni tu, jingine alama pamoja na maoni. Waliopata maoni pekee ndio waliofanya vizuri zaidi na kuendelea kuvutiwa na kazi. Waliopata vyote viwili hawakuwashinda waliopata alama tu. Mtoto akishaona alama, macho hayaendi kwenye maneno tena, anatafuta jirani kapata ngapi. Mwanzoni nilishangaa, kisha nikakumbuka watoto wangu wakipokea madaftari: kelele zote zilikuwa "umepata ngapi", sikuwahi kusikia anayeuliza "umekosea wapi". Mtoto wa 118 anayesoma namba yake ukutani kila mwezi hajifunzi Hisabati hapo. Anajifunza kwamba yeye ni wa mwisho, na hilo atalishika vizuri kuliko lolote ulilomfundisha. Matokeo ya kata yapeleke yanakotakiwa, lakini kwa mtoto mwandikie sentensi moja fupi: "Kukopa kwenye mamoja unajua, sasa tazama makumi." Kwa madaftari 44 kwa siku unaweza. Kwa 215 huwezi, na hapo ndipo hesabu yetu ya mwanzo inapojibu.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini nina hakika limo darasani mwako. Wale wanaokosa maswali ya mafumbo, umewahi kuwapa kitabu wasome? "Juma ana mbuzi 24, akauza 9" ni swali la Hisabati kwa anayejua kusoma tu. Kwa asiyejua ni ukuta. Wako watoto wa Darasa la Tatu, hata la Nne, ambao kusoma bado hakujakaa, na hapa kwetu wengi walianza shule wakizungumza Kigogo nyumbani, Kiswahili wakakikuta darasani. Wapime kwa ngazi: herufi, silabi, maneno, sentensi fupi, aya fupi. Andika kila ngazi kwenye kipande cha boksi. Mtoto mmoja dakika moja, anaanza na sentensi, akishindwa anashuka, akiweza anapanda. Watoto 118 ni chini ya saa mbili, ukizigawa kwenye mapumziko na muda wa usafi ni wiki moja. Watu wa Uwezo, mradi wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipita na kipimo cha namna hii majumbani kuanzia 2010, na India shirika la Pratham limekitumia miaka mingi kuwapanga watoto kwa kiwango chao badala ya umri au darasa. Ukishajua, ongea na mwalimu wa Kiswahili, pangeni nusu saa kwa siku watoto wagawanyike kwa ngazi. Halafu usome mafumbo kwa sauti unapopima kutoa na kujumlisha, ili usimnyime mtoto hesabu kwa sababu ya herufi. Na akiandika "mbili" kama "mbiri", au "kalamu" kama "karamu", mwache kwenye Hisabati. L na R zinasumbua ndimi zetu, zina kipindi chake.

Na weka daftari la mahudhurio pembeni ya alama. Shule zinafunguliwa Januari wakati mvua yetu moja ya mwaka ndiyo imeshika na familia nzima iko shamba. Uwele na mtama vikianza kutia punje, watoto wanakwenda kuamia ndege, maana kundi la kweleakwelea likitua shambani asubuhi, jioni hakuna chakula cha mwaka. Mtoto aliyekosa siku kumi na mbili akikosea kutoa kwa kukopa hana tatizo la kutoa. Hakuwepo ulipofundisha. Huyo anahitaji rafiki mmoja na vijiti, na anahitaji sana asipokelewe kwa fimbo siku anaporudi.

Kuhusu kazi za ofisini nitapita haraka. Zile takwimu zinazoombwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, "zinahitajika leo kabla ya saa nane", zinafanana kila mara: wavulana na wasichana kwa umri, yatima, wenye ulemavu, madawati, matundu ya vyoo. Fungua daftari moja la takwimu za darasa lako, ulisasishe kila mwisho wa mwezi, ili ombi likija unanakili tu. Kile kishikwambi, kama shule yenu ilipata vile vilivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, kipigie picha makosa ya kushangaza kutoka madaftari ya watoto. Picha tano tu. Siku ya jumuiya ya kujifunza, ile ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, peleka hizo badala ya kusubiri mada kutoka juu. Weka mezani "355" na uwaulize wenzako: mtoto huyu alikuwa anawaza nini? Nimeona vikao vilivyokuwa vya kusaini mahudhurio vikageuka mabishano matamu ya walimu wazima, mpaka mpishi wa uji akaja kuuliza kama tumesahau kula.

Nadhani sasa unaona ninakoelekea kuhusu moyo. Nimekutana na walimu wengi waliochoka. Waliochoka kwa kazi nyingi hupona wakipumzika. Waliochoka kwa kazi isiyoonekana matunda hawaponi kwa likizo, wanarudi Julai wakiwa vile vile. Wewe nakuona ni wa kundi la pili zaidi. Hamu uliyotoka nayo chuoni haikuisha kwa sababu watoto ni 118. Iliisha kwa sababu unawaona kama rundo la madaftari, na rundo halimtii mtu moyo. Mtu anatiwa moyo na uso wa mtoto mmoja pale fungu la vijiti linapofunguka akasema "aah, tisa!" Upange kuuona uso kama huo angalau mmoja kwa siku, na jina lake liingie kwenye daftari lako dogo. Siku mbaya fungua usome majina hayo. Mimi yangu ninayo hadi leo, mengine ya watu wenye wajukuu.

Mshahara, malimbikizo, daraja lililochelewa, nyumba isiyo na maji: hayo ni ya kweli na uso wa mtoto hauyalipi. Sitakwambia ualimu ni wito kisha nikunyamazishe kwa neno hilo. Peleka madai yako kwa mwakilishi wa Chama cha Walimu hapo kazini, kwa maandishi, na utunze nakala. Na suala la darasa la 118 liandikwe kwenye kila taarifa inayotoka shuleni kwenda kwa Afisa Elimu Kata, kwa namba, kila mara. Jambo lisiloandikwa halipangiwi bajeti.

Jumapili usiguse daftari. Kabisa.

Na kama pamoja na haya unajikuta hulali, unalia bila sababu, chakula hakipiti, au asubuhi miguu inakataa kwenda, hayo hayaponi kwa mbinu za kufundisha. Nenda zahanati au kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo kama ulivyo, na wakikuelekeza Mirembe uende. Watu wa hapa jina hilo wamelifanya la kutaniana, na utani huo umewachelewesha wengi kupata msaada. Ni hospitali, ina waganga wanaotibu akili kama wengine wanavyotibu malaria. Mwalimu mwenzangu wa miaka mingi alitibiwa pale, akarudi darasani, akafundisha hadi kustaafu.

Umesema unawaza kuacha. Sikukatazi, maisha ni yako, na kuna walimu wazuri walioacha wakafanya mema kwingine. Ninachokuomba ni usiamue sasa, katikati ya muhula, ukiwa na usingizi wa saa nne. Amua likizo ya Juni, baada ya kujaribu makundi matano kwa miezi miwili. Ukiacha baada ya hapo, utakuwa umeuacha ualimu wenyewe. Ukiacha leo, utakuwa umeacha tochi na madaftari 215.

Anza Jumatatu na Darasa la Nne, ndilo dogo. Watoe nje, 403 toa 158, wahesabu walioandika 355 na walioandika 255, kisha uniandikie. Nataka kujua ni wangapi, na nataka jina la kwanza utakaloandika kwenye daftari dogo.